Jalada la Babu Liko Ofisi Gani? Historia ya Kumbukumbu za Serikali na Mahakama, Tukianzia Ekalakala

Haya wasomaji, leo tuweke kando mambo ya misimbo na seva. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kompyuta, swali ninaloulizwa sana kwetu Ekalakala si la simu iliyokwama. Ni hili: "Siku hizi si kila kitu kiko kwa mtandao? Basi nitafutie ile kesi ya shamba ya babu."

Jibu fupi ni kwamba hakuna tovuti ya namna hiyo. Huwezi kuandika jina la babu, ubonyeze kitufe, uone hukumu ya mwaka 1958. Jibu refu ndilo makala haya. Nimeyaandika kwa sababu wazee waliojua mpaka ulipita kwenye mti gani wanatuacha mmoja mmoja, na wakishaondoka kinachobaki ni karatasi. Asiyejua karatasi yake iko wapi hushindwa na yule anayejua, hata kama haki ni yake.

Kwa wasioijua, Ekalakala ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Masinga, Kaunti ya Machakos. Nyingine ni Kivaa, Masinga ya Kati, Muthesya na Ndithini. Ni nchi ya jua kali, mahindi, mbaazi na mbuzi, na majirani zetu ni maji ya bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Hapa mtu akisema "kesi", mara nyingi anamaanisha shamba.

Kwanza nikupe ufunguo wa makala yote. Unapotafuta jalada, usianze na jina la mtu. Anza na mwaka, kisha ujiulize: mwaka ule, nani alikuwa na mamlaka ya kuamua jambo hili? Kumbukumbu hufuata mamlaka. Kila serikali ilipobadilisha mfumo wa mahakama au wa mabaraza, ofisi mpya ilianza na madaftari mapya, na yale ya zamani yakabaki kabatini, yakahamishwa, yakachomwa au yakasahauliwa. Sisi watu wa programu tunaujua ugonjwa huu. Mfumo mpya unawashwa, data ya zamani inaachwa kwenye seva ya zamani, na aliyejua nenosiri amestaafu.

Tuanze mwanzo kabisa. Kabla ya karatasi, Wakamba walikuwa na utui, yaani kijiji, na nzama, baraza la wazee. Kesi ilisemwa hadharani na kukumbukwa na waliokuwapo. Ikishindikana, kulikuwa na kiapo cha kithitu, ambacho hakuna aliyekichezea. Kumbukumbu ilikuwa kichwani mwa watu wengi kwa wakati mmoja, na hiyo ni nakala rudufu nzuri sana mradi watu hao wako hai.

Karatasi ziliingia na Waingereza. Mwaka 1889 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliweka kituo Machakos. Kuanzia 1892 John Ainsworth alikuwa msimamizi pale, na Machakos ikawa kituo kikuu cha utawala wa bara mpaka makao yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1899. Serikali ya kikoloni ilipenda kuandika. Mkuu wa wilaya aliandika taarifa ya kila mwaka, na alipohamishwa alimwachia mwenzake maelezo ya makabidhiano. Kulikuwa pia na daftari la mambo ya kisiasa, ambamo waliandika machifu, koo, njaa, kodi na ugomvi wa malisho. Kwa bahati mbaya, mwaka 1939 ofisi kuu za serikali mjini Nairobi ziliungua na majalada mengi yakateketea. Kwa miaka ya kabla ya hapo, nakala zilizobaki wilayani zina thamani kubwa zaidi.

Karatasi hizo zilikuwa za mtawala, zikiandikwa kwa macho yake. Hata hivyo sauti za wetu zimo. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter kuanzia 1932 ilisikiliza mashahidi nchi nzima, na Wakamba walikuwemo, wakilalamikia ardhi waliyopoteza, ikiwamo malisho ya Yatta, jirani yetu hapa. Ripoti ilitoka 1934, na ushahidi ulichapishwa katika majuzuu matatu makubwa. Mwaka 1938, serikali ilipochukua ng'ombe kwa nguvu ili kupunguza mifugo, watu wa Machakos walitembea kwa miguu hadi Nairobi kumwona gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu ulirudishwa nyuma. Mengi tunayoyajua kuhusu safari ile yametoka katika majalada ya walewale waliomkamata.

Sasa tuje kwenye mahakama. Hapa ndipo watu wengi wa kwetu hupotea, maana kesi za mashamba zimehamishwa nyumba mara nyingi. Nimeipanga orodha hii kwa miaka ili uichape na kuibandika ukutani:

1. Kuanzia 1930: mabaraza ya mahakama za Waafrika chini ya sheria ya mwaka huo, yakisimamiwa na mkuu wa wilaya. Wazee waliamua, karani akaandika.

2. Kuanzia 1951: Mahakama za Waafrika chini ya sheria mpya. Mwaka huohuo D. J. Penwill alichapisha kitabu chake juu ya sheria za kimila za Wakamba, kilichotokana na kazi yake katika Wilaya ya Machakos. Ukisoma hukumu za miaka hiyo ukakuta maneno ya kimila usiyoyaelewa, kitabu hicho husaidia.

3. Kuanzia 1967: mahakama hizo zilifutwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu, kesi zikaenda kwa mahakimu wa wilaya.

4. Kuanzia 1981: kesi nyingi za mashamba ziliondolewa kwa mahakimu na kupewa mabaraza ya wazee, na uamuzi wao ukasajiliwa katika mahakama ya hakimu.

5. Kuanzia 1993: Mabaraza ya Migogoro ya Ardhi, kwa sheria ya mwaka 1990. Uamuzi wao pia ulipelekwa kwa hakimu ili uwe amri ya mahakama.

6. Kuanzia 2011: Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Machakos.

Umeona? Babu aliyeshtaki mwaka 1958, baba aliyerudi na kesi ileile mwaka 1983, na wewe unayeshtaki leo, mko katika mifumo mitatu tofauti yenye namba tofauti. Ukienda kwa karani wa leo ukamwambia "kesi ya shamba letu", hata akiwa mtu mwema kiasi gani atakosa pa kuanzia. Ukimwambia "baraza la ardhi, kati ya 1993 na 1995, uamuzi ukasajiliwa mahakama ya hakimu", umemwonyesha kabati.

Sambamba na hizo kuna njia ya pili ya karatasi, ya upimaji. Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya 1968 ndiyo iliyotumika kugeuza mashamba ya ukoo kuwa ya watu binafsi wenye hati. Maafisa walipima, kamati ya wakaazi ikasikiliza madai, orodha ikaandikwa na kuwekwa wazi. Asiyeridhika alikuwa na siku 60 za kuleta pingamizi, na baada ya hapo siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa Waziri. Majalada ya pingamizi na rufaa hayakuwa ya mahakama. Ni ya ofisi ya ardhi. Watu wengi husaka miaka na miaka kwenye masijala ya mahakama kitu ambacho hakijawahi kufika huko.

Shamba likishasajiliwa linapata namba, na kila badiliko huandikwa kwenye kadi ya namba hiyo: nani alikuwa wa kwanza, nani aliuza, benki gani iliweka zuio, lini likaondolewa. Wenyeji wa masijala huiita kadi ya kijani. Utafutaji rasmi wa kawaida hukuonyesha hali ya leo tu: mwenye shamba na vizuizi vilivyopo. Kwa ugomvi wa zamani omba nakala iliyothibitishwa ya kadi nzima. Mtaalamu wa hifadhidata ataelewa mara moja. Ile ya kwanza ni safu ya sasa. Hii ya pili ni historia yake yote. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianza na Nairobi, na kuingiza kadi za nchi nzima ni kazi ya miaka.

Njia ya tatu ni ya mabaraza ya mitaa. Machakos ilipata Baraza la Wenyeji chini ya sheria ya 1924. Kuanzia 1950 yakaitwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, na wakati wa uhuru yakawa mabaraza ya kaunti. Letu likajulikana kama Baraza la Kaunti ya Masaku. Baraza ndilo lililogawa ploti za masoko, likatoza ada, likajenga majosho na kuamua barabara za vijijini, na kila mkutano uliandikwa. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza hayo yaliondoka na Serikali ya Kaunti ya Machakos ikarithi kazi, mali na madeni. Kwa hiyo mwenye ploti ya soko yenye barua ya mwaka 1987 hana sababu ya kuambiwa kwamba baraza lilikufa na karatasi zake. Mrithi yupo, na anafahamika kisheria.

Mpaka hapa unajua karatasi iko wapi. Swali linalofuata ni kama unaruhusiwa kuiona. Hilo nalo lina historia yake, na ni chungu.

Wakoloni walipokaribia kuondoka, mwaka 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza alielekeza kwamba serikali mpya zisiachiwe nyaraka ambazo zingeiaibisha Uingereza au kuwaweka hatarini waliowasaidia. Nyingine zilichomwa, nyingine zikapakiwa na kusafirishwa. Kenya huru ilizidai mwaka 1967 ikakataliwa. Kwa miongo mingi hazikuonekana kwenye orodha yoyote ambayo mtafiti angeweza kuisoma.

Kilichozifichua ni kesi. Mwaka 2009 Wakenya watano walioteswa wakati wa hali ya hatari waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Mwanahistoria David Anderson alieleza mahakamani kwamba kuna majalada yaliyotoka Kenya na hayajulikani yalipo. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kuwa yapo, katika jengo lake la Hanslope Park: majalada kama 1,500 ya Kenya, na kwa jumla kama 8,800 kutoka makoloni 37. Yalipofunguliwa, msimamo wa serikali ulibadilika. Juni 2013 ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wazee hao hawakuwa na fedha wala vyeo, ila mtu mmoja alijua kwamba sanduku fulani liliondoka Nairobi na halijawahi kuandikwa mahali popote kuwa limefika.

Sisi wenyewe hatukuwa bora sana baada ya uhuru. Ndiyo, mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha hifadhi ya nyaraka za taifa, na nyaraka za serikali zilizotimiza miaka 30 zikawa za kufunguliwa kwa umma. Lakini mwaka 1968 ikaja Sheria ya Siri za Serikali, na mazoea ya ofisini yakawa kwamba kila karatasi ni siri mpaka mkubwa aseme vinginevyo. Mwananchi aliyeomba jalada aliulizwa kwanza: "Wewe ni nani, na unalitakia nini?"

Swali hilo lilipoteza nguvu tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipoanza kutumika. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Hata hivyo haki bila utaratibu ni kama programu bila maelekezo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya jarida la Nairobi Law Monthly dhidi ya KenGen, kwamba "raia" katika kifungu hicho ni binadamu, si kampuni. Bunge lilipopitisha Sheria ya Kupata Habari mwaka 2016 likaliziba pengo hilo: kampuni inayomilikiwa na raia wa Kenya nayo inaweza kuomba. Sheria ilianza kutumika Septemba 2016.

Meno yake yameonekana. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba taasisi ya Katiba Institute ilistahili kupewa taarifa za matangazo ya serikali yaliyorushwa kabla ya uchaguzi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru mikataba ya reli ya SGR itolewe, na Novemba mwaka huo serikali ikaweka hadharani sehemu ya mikataba hiyo. Kama mkataba wa reli unaweza kuombwa, kumbukumbu za ugawaji wa ploti za soko letu zitashindikana vipi?

Haya sasa ndiyo masharti yenyewe, kwa lugha ya nyumbani:

- Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sheria yenyewe inasema hivyo. Usikubali kurudishwa kwa sababu hukuandika Kiingereza.
- Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anasema kwa mdomo. Afisa anatakiwa kumsaidia, kuliandika ombi na kumpa nakala.
- Hulazimiki kueleza kwa nini unataka habari hiyo.
- Hakuna ada ya kuomba. Unaweza kutozwa gharama halisi ya kutoa nakala tu.
- Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Linapohusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kazi ikiwa kubwa afisa anaweza kuongeza siku 14, mara moja tu.
- Ukiwa umekosea ofisi, wao ndio wanaotakiwa kulipeleka ombi kwa ofisi husika ndani ya siku 5.
- Siku zikipita kimya, sheria inahesabu kuwa umekataliwa. Hapo una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, ili iuchunguze uamuzi huo.
- Kuna habari zinazoweza kuzuiwa, kama za usalama wa taifa na faragha ya watu. Lakini habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 inachukuliwa kuwa si ya kuzuiwa, na anayetaka kuizuia ndiye wa kuthibitisha.

Sharti hilo la mwisho lipigie mstari. Kwa sisi tunaotafuta mambo ya babu, ndilo lenye nguvu kuliko yote.

Barua isiwe ndefu. Huu ni mfano, unakili na ubadilishe:

"Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari, Serikali ya Kaunti ya Machakos. Mimi, raia wa Kenya, naomba chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 nakala za kumbukumbu za mikutano ya Baraza la Kaunti ya Masaku kuhusu ugawaji wa ploti katika soko la Ekalakala, kuanzia Januari 1985 hadi Desemba 1989. Kama kumbukumbu hizi ziko ofisi nyingine, naomba ombi hili lipelekwe huko na nijulishwe. Naomba nakala za karatasi au picha za kompyuta."

Weka jina, anwani, simu na tarehe. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Bila muhuri huo, siku 21 zinahesabiwa tangu lini? Na taja kitu kimoja chenye mwaka wa kuanzia na wa kuishia. Ombi la "karatasi zote za Ekalakala" ni sawa na kuiuliza hifadhidata bila kichujio: itakwama, na utalaumiwa wewe.

Kwa mahakama, utaratibu ni tofauti kidogo. Hukumu za mahakama za juu zimerahisishwa sana na Kenya Law, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1994. Unaingia kwenye tovuti yake na kusoma bure. Tangu 2022 kila uamuzi una namba inayojieleza: mwaka, alama ya mahakama, kisha namba ya mfuatano. Ukiona KEHC ni Mahakama Kuu, KEELC ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa wenzangu wa programu: kuna muundo wa XML wa nyaraka za sheria uitwao Akoma Ntoso, maneno ya Kiakan yenye maana ya mioyo iliyounganishwa. Ulianzia katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika, na mwaka 2018 ukapitishwa na shirika la OASIS kuwa kiwango cha kimataifa. Ni teknolojia iliyobuniwa kwa ajili ya Afrika, na leo inatumika mbali sana na Afrika.

Kusajili kesi kwa mtandao kulianza mahakama za Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 kukafikishwa nchi nzima. Lakini usidanganyike: hayo ni ya mbele. Kesi ya 1983 haikuingia humo yenyewe, na hukumu nyingi za mahakimu hazimo kwenye tovuti yoyote. Kwa hizo, panda gari uende masijala, Kithimani au Machakos, kutegemea ilikosikilizwa. Nenda na namba ya kesi, mwaka na majina ya pande zote mbili. Majina yaandike kwa kila namna yanavyoweza kuandikwa, maana karani wa zamani aliandika alivyosikia. Mutua na Mutuwa wanaweza kuwa mtu mmoja.

Tena usichelewe. Sheria ya Uondoaji wa Kumbukumbu inaruhusu majalada ya zamani ya mahakama kuharibiwa kwa utaratibu maalumu, baada ya tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo hutoa muda wa kudai jalada lako. Nani kijijini husoma Gazeti Rasmi? Karibu hakuna. Na bado ndilo chanzo kikubwa cha bure tulicho nacho. Lilianza 1899, na matoleo mengi ya zamani yameskaniwa na Google Books, yanatafutika kwa neno. Humo mna matangazo ya urithi yenye jina la marehemu na mahali alipokuwa akiishi, hati zilizopotea, na nia ya serikali kutwaa ardhi ambayo sheria ya 1968 ilitaka itangazwe. Andika "Masinga", kisha "Machakos" na jina la ukoo. Utashangaa.

Majalada ya wilaya ya zamani yako Nairobi, katika hifadhi ya taifa iliyo kwenye jengo lililokuwa benki, Moi Avenue. Sehemu kubwa ilipigwa picha za filamu ndogo miaka ya 1960 na Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kwa hiyo hata ndugu aliye ng'ambo anaweza kusaidia kutafuta.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya mawakili na wenye kesi. Ngoja niwape mfano mwingine. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika kana kwamba udongo wa Machakos umekwisha. Mwaka huohuo R. O. Barnes alipiga picha za milima iliyochakaa. Miaka zaidi ya 50 baadaye watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walizichukua picha hizo, wakasimama mahali palepale, wakapiga upya. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado milima ilikuwa na matuta na miti kuliko awali. Kitabu chao cha 1994 kiliutikisa ulimwengu wa maendeleo, uliokuwa umeshazoea kuamini kwamba watu wengi ni lazima waharibu ardhi. Ushahidi kwamba babu zetu walichimba matuta na wakashinda uliokolewa na picha ambazo mtu fulani hakuzitupa.

Sheria ya 2016 ilizipa taasisi za serikali miaka mitatu kuziweka kumbukumbu zao kwenye kompyuta. Hesabu mwenyewe kutoka Septemba 2016. Kila ofisi ya umma inayokuambia leo "mambo yetu bado ni ya mkono" imechelewa kisheria, na una haki ya kuiuliza kazi imefika wapi, kwa maandishi, kwa Kiswahili.

Wakati tunangoja, tuanze nyumbani. Toa zile karatasi kwenye sanduku la chuma. Zipige picha kwa simu, mchana, bila mweko, kila ukurasa peke yake. Lipe kila faili jina linaloanza na mwaka, halafu ofisi, halafu namba: 1983, hakimu, namba ya kesi. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti. Kisha kaa na mzee aliyebaki, muulize mwaka na ofisi, uandike anachosema na tarehe aliyosema. Kompyuta haihitajiki kwa hatua hiyo. Daftari la shilingi chache linatosha, na ndilo litakalokuonyesha mlango wa kubisha kesho.

Haya, nawatakia utafutaji mwema. Mkipata muhuri wa kwanza wa kupokelewa, hesabuni siku 21.